Mbeba Ngao wa Shangazi Raya

Ghazala amekufa Jumanne, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Sib, hapa Oman, inanukia kahawa na ubani kama aliyekufa ni mtu. Bibi anasema farasi hafanyiwi matanga, hayo ni mambo ya kujitafutia dhambi, lakini ni yeye mwenyewe aliyewasha chetezo, na kila jirani anayepita kusema pole anamkalisha, anammiminia kahawa, anamsogezea sahani ya tende. Mimi nimekaa pembeni kama kawaida yangu, napokea vikombe vitupu. Nina miaka kumi na tisa, nasoma chuo, na bado sijui nifanye nini na mikono yangu watu wakiwa wengi. Ila nilipowasikia wageni wakimtaja yule farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, nikaona niuandike ule mwaka wangu wa kumi na nne, mwaka ambao mikono yangu ilijua la kufanya.

Ulianzia shuleni, Khuwair ya Kusini, katika chumba ambacho kiyoyozi chake kilinguruma mpaka mwalimu akawa anapaza sauti. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mkenya, Mwalimu Nafula, mwanamke mrefu aliyekuwa akila chapati yake ya saa nne amesimama dirishani. Muhula ule alitugawia mada za kuandikia juu ya Ulaya ya zamani, enzi za wale mashujaa wa farasi waliovaa chuma, ambao kwa Kiarabu tunawaita mafaris. Wavulana waligombania panga na ngome. Wasichana wakachukua malkia na nguo. Mimi sikunyoosha mkono, na kengele ilipolia nikabaki sina kitu. Mwalimu akanifuata koridoni, akaacha Kiingereza chake cha darasani. "Wewe huongei darasani, na sikulazimishi. Lakini ukishika kalamu, si mchezo. Chukua hii imebaki, ya wabeba ngao. Hao pia walikuwa watu wa kunyamaza."

Nilidhani amenipa makombo. Nikaenda maktaba kwa kujilazimisha, na nilipoanza kusoma sikuweza kuacha. Nilisoma kwamba hakuna faris aliyezaliwa faris. Mtoto wa kiume wa nyumba kubwa alitolewa kwao akiwa mdogo, miaka saba hivi, akapelekwa nyumba ya bwana mwingine kujifunza kusalimia, kuhudumu mezani, kunyamaza. Akifika kumi na nne au karibu yake, anapanda daraja, anakuwa mbeba ngao. Hapo ndipo anamtunza farasi wa bwana wake, anamsugulia chuma kisishike kutu, anamvisha vipande vyote, kimoja kimoja, kwa sababu mtu hawezi kujifunga chuma mgongoni peke yake. Mezani anamkatia nyama. Vitani anakaa nyuma yake na farasi wa akiba, na bwana akianguka, yeye ndiye wa kuingia kati ya kwato kumwinua. Miaka hiyo yote hana alama yake kwenye ngao. Anabeba ya mwenzake. Nililisoma hilo mara nyingi, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne, na nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mwenye farasi.

Mtu huyo alikuwa Shangazi Raya, binti wa mwisho wa Bibi, ambaye asubuhi alikaa ofisini serikalini akiwa na kucha safi, na Alasiri alikuwa kwenye banda la farasi nje kidogo ya mji, nyuma ya mashamba ya mitende, na mavi ya farasi kwenye viatu. Ghazala alikuwa wake. Shangazi alikuwa akitaka jambo moja tu, na sote nyumbani tulilijua: kuingia kwenye ardha. Kwa asiyeijua, ardha ni farasi wa Oman wanapokusanywa kwa fahari, wamevalishwa fedha shingoni na usoni. Wanatembea kwanza safu moja huku wapandaji wanaghani, halafu wanatoka wawili wawili, mbio kali, ubavu kwa ubavu, na wapandaji wameshikana. Mkono wa huyu uko begani mwa yule. Hodari zaidi husimama wima juu ya mgongo wa farasi. Safu ya upande wetu ilikuwa na akida wake, Mzee Hamdan, mtu wa ndani ya nchi mwenye ndevu nyeupe fupi, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Kila msimu wa baridi aliruhusu mpandaji mpya mmoja kujaribiwa. Aliyekataliwa hakuitwa tena. Msimu ule alikuwa amemwambia Shangazi ajitayarishe, atakimbia na mjukuu wake Muzna.

Nikajiajiri mwenyewe. Sikumwambia mtu kwamba nimekuwa mbeba ngao, nilianza tu kwenda bandani. Shangazi alinionyesha hatamu, lijamu, namna ya kuinua kwato bila kusimama nyuma. Akanifundisha ujanja wa Ghazala, ambao alikuwa nao kweli: ukimfunga mkanda wa tumbo anajaza pumzi, anajifanya mnene, ukidhani umekaza. Ukipanda tu, anashusha pumzi, mkanda unalegea, na tandiko linazunguka na wewe. "Usimpige, usimkaripie," Shangazi alisema. "Funga, kisha msubiri. Mtazame pua. Akishachoka kuidanganya roho yake, kaza tena." Ilikuwa kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu. Kusubiri bila kusema nilikuwa nikikuweza tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni ujuzi.

Ijumaa tulikula wote kwenye ukumbi wa nyuma, sinia moja la biriani, na mimi nilikuwa nimeshasoma ile habari ya kukata nyama. Basi nikawa navuta mapande mazuri, nachambua mfupa kwa vidole, nasukumia upande wa Shangazi. Bibi akatazama weee, mwisho akauliza, "Zuwena, mbona leo nyama yote yenda upande mmoja? Sinia limeinama?"

"Mwache, Mama," Shangazi akasema mdomo umejaa. "Mie ndo bwana wake."

"Bwana wa nini? Wewe mwenyewe hujapata bwana."

Ikabidi nieleze, na kueleza mbele ya watu ni kitu nisichokiweza. Nikaeleza kwa vipande. Bibi alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, kisha akauliza, "Na hao Wazungu walivaa chuma na jua hili?"

"Kwao hamna jua hivi, Bibi."

"Ndo mana," akasema, akaendelea kula. Halafu akauliza, "Na usoni?"

"Usoni pia. Walifunikwa wote, macho tu."

"Basi utamjuaje mwanao?"

Hilo ndilo swali lililoniingiza kwenye alama. Kwa sababu nilikuwa nalijua jibu, na lilikuwa limenishangaza kuliko mapanga yote. Ile michoro ya simba na ndege na misalaba kwenye ngao haikuwa pambo. Mtu aliyefunikwa uso hajulikani, basi nyumba yake inachorwa kwenye ngao yake. Mtoto wa kwanza anaongeza kialama chake juu ya alama ya baba, wa pili chake, na ukiwa na jicho unasoma ukoo mzima kwa mbali. Walikuwepo watu maalumu, wapiga mbiu, kazi yao kuzijua alama zote kwa moyo. Vita ikiisha, wao ndio waliopita katikati ya walioanguka, wakisoma ngao, wapate kusema huyu ni wa nani na apelekwe nyumba gani. Nilimaliza kueleza nikagundua nimeongea kwa muda mrefu na hakuna aliyenikatiza. Bibi alikuwa amesahau tonge mkononi.

Pale bandani palikuwa na kibaraza cha wanaume kunywea kahawa, na aliyenyamaza sana watu humsahau, wakasema mbele yake. Siku moja nikiwa namsugua Ghazala nyuma ya ukuta wa makuti, nikamsikia mmoja akiuliza kwa Kiarabu msimu huu ni nani mpya, akajibiwa ni yule binti wa Wazinjibari, ndivyo wanavyotuita sisi tuliotoka Unguja. "Wazinjibari?" akasema. "Hao si wanajua punda?" Wakacheka, si kwa chuki kubwa, kwa namna ya watu wenye kahawa nzuri mkononi. Mwingine akaongeza kwamba punda wa Unguja ni wazuri, mweupe hasa, wasidharauliwe. Ghazala akageuza shingo akaniangalia, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umesimama. Nyumbani sikumwambia mtu. Lakini usiku ule ule, kabla sijalala, nilishaijua alama ya nyumba yetu. Kikonyo cha karafuu, chenye machipukizi manne, kama kile kilichochongwa kwenye sanduku la Bibi alilokuja nalo kutoka Unguja.

Nilimpelekea Bibi mchoro na kitambaa cheupe cha pamba cha kukunja mara mbili, nikamwambia ni shuka la kuweka chini ya tandiko, ninataka hivi pembeni, litakapoonekana. Bibi ameshona kofia maisha yake yote. Kofia za wanaume wengi wa mtaa wetu zimepita mikononi mwake, zile za vitobo vidogo vidogo vilivyozungushwa uzi mpaka vinakuwa kama punje. Aliutazama mchoro, akasema karafuu yangu imenenepa kama pera, akaichora upya. Kwa wiki nyingi, kila baada ya Alasiri, tulikaa chumbani kwake, feni inazunguka, redio inasoma habari kwa sauti ndogo, yeye anashona na mimi nampitishia nyuzi kwenye sindano. Nikamuuliza mbona anahangaika na upande wa chini, ambao utakaa kwenye mgongo wa farasi. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mwanamme akifika kwa watu anavua kofia anaiweka mbele yake," akasema. "Iko chali. Wanawake wa nyumba ile wakija kuchukua vikombe, wanatazama wapi? Ndani. Nje kila mtu anashona vizuri. Mie kazi yangu haina ndani."

Shangazi hatukumwambia. Nilitaka iwe kama kwenye kitabu, alama ifunuliwe siku ya siku.

Siku ya siku ilikuwa na baridi ya kupendeza, mchanga wa uwanja umemwagiwa maji, na magari yamejipanga pande mbili watu wamekaa juu ya mabodi. Farasi walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona pamoja. Fedha ziliwalia shingoni kila walipotikisa kichwa, mlio laini, kama vijiko vingi vinavyooshwa mbali, na nilihisi nywele za mikono zikinisimama. Niliyakumbuka maneno yote niliyosoma na yote yalikuwa madogo. Nikamvalisha Ghazala kwa mpango: shuka, tandiko, mkanda, nikasubiri pumzi, nikakaza. Shangazi alikuja kutoka kwa wanawake amevaa mavazi yake ya Kiomani, kijani na dhahabu, akaliona shuka. Aligusa ile karafuu kwa kidole kimoja, na uso wake ukaingia rangi ambayo sikuielewa. Nilidhani ni furaha.

"Umeitoa wapi hii, Zuwena?"

"Bibi kashona. Alama ya nyumba yetu."

"Lo," akasema polepole. "Mwanangu. Miaka yote hii nafanya juhudi wasinitazame kama mtu wa karafuu."

Kabla sijajibu, Mzee Hamdan alikuwa anapita na farasi wake mweupe akikagua safu. Akasimama mbele yetu. Nikatazama farasi wengine kwa mara ya kwanza nikiwa na macho, nikaona kile ambacho ningeliona tangu mwanzo kama nisingekuwa nimejaa kitabu: hakuna aliyekuwa na alama. Fedha zile zile, sufi nyekundu ile ile, farasi wa tajiri na wa mtu wa kawaida wamevaa sawa.

"Nini hii?" akauliza. "Katika safu yangu hakuna nyumba. Kuna farasi. Aligeuze au alitoe."

Kulitoa hakukuwezekana, tandiko haliwekwi juu ya mgongo mtupu, na shuka jingine tulikuwa tumeliacha nyumbani. Basi nikafungua mkanda mbele ya watu wote, nikashusha tandiko, nikalipindua shuka. Karafuu ikawa pale pale. Machipukizi manne, vitobo vile vile, uzi umezungushwa vile vile, hakuna fundo wala mkia wa uzi. Nikasimama nalo mkononi. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mwingine, na Muzna, aliyekuwa juu ya farasi wake karibu yetu, akaziba mdomo kwa shela yake. Mzee Hamdan hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe, akalipindua yeye mwenyewe, mara moja, mara ya pili, akitafuta.

"Nani kashona?"

Nilimtazama Shangazi anisaidie. Alikuwa anatazama masikio ya Ghazala, na macho yake yalikuwa yamejaa. Nikaona msimu unamponyoka, na hautarudi, na mimi ndiye niliyeushika na kuuachia. Mbeba ngao anaingia kati ya kwato, kitabu kilisema. Nikafungua mdomo. Kiarabu changu siku zile kikiwa na woga kilitoka na lafudhi ya kwa Bibi, kila neno lina irabu mwishoni, na nilijua kila mtu anaisikia.

"Bibi yangu kashona. Alama nimetaka mimi, Shangazi hakujua." Nikashika hatamu ya Ghazala. "Zamani huko Ulaya faris alifunikwa uso. Basi waliweka alama, ili akianguka, watu wajue ni wa nani, wampeleke kwao."

Mzee Hamdan alinitazama. Nilisikia fedha zikilia kwenye safu yote.

"Na huyu," akasema, akimwonyesha Shangazi kwa kidevu, "kafunikwa uso?"

"La, bwana."

"Yupo hapa asiyemjua? Raya, binti wa Wazinjibari wa Sib. Siku ya kwanza alipotusalimia tulimjua. Akianguka, wanangu hawa wote wanaijua nyumba yenu, na kahawa ya bibi yako wanaijua." Akanirudishia shuka. "Alama ni ya kwa watu wasiojuana. Funga farasi. Atakaa mwisho wa safu, kama mgeni yeyote anavyokaa, na karafuu au bila karafuu. Mbele panafikiwa kwa kupanda."

Nikaweka shuka, sikujali tena upande gani. Nikaweka tandiko, nikafunga mkanda, na Ghazala, hata siku ile, akajaza pumzi. Safu nzima ilikuwa tayari, waghani wameshakohoa, akida yuko juu ya farasi wake, na mimi nilisimama naitazama pua. Mtu akasema yallah, binti, umeshafunga. Sikugeuka. Nikasubiri mpaka ule upepo wote wa uongo ukatoka, nikakaza tena. Nilipoinua macho niliona Mzee Hamdan anatazama mikono yangu, naye alikuwa amemzuia farasi wake, na kwa sababu yeye alisimama, wote walikuwa wamesimama.

Yaliyofuata siwezi kuyaandika kama yalivyokuwa. Waliimba wakienda hatua kwa hatua, sauti nzito za wanaume na chini yake sauti chache za wanawake, halafu wakaanza kutoka wawili wawili. Ardhi ilipiga ngoma ndani ya nyayo zangu. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Shangazi na Muzna. Walitoka mbali, madoa mawili, na vumbi, kisha nikaona wamenyooka sawa, shingo kwa shingo, na mkono wa Muzna ukanyanyuka ukalala begani mwa Shangazi, na wa Shangazi begani mwake, katikati ya mbio ile, kama marafiki wanaotoka shule. Mjukuu wa akida na binti wa Wazinjibari. Walipotupita sikuwa ninapumua. Uso wa Shangazi ulikuwa wazi kabisa, nilimwona meno. Ile karafuu ilipita kama kipande cha uzi mweupe, hakuna aliyeweza kuisoma, na nilifurahi kwamba hakuna haja ya kuisoma.

Msimu uliofuata alisogezwa hatua chache kutoka mwisho, na uliofuata tena hatua nyingine. Mwalimu Nafula alinipa alama nzuri kwa kazi yangu na akaandika chini kwamba nimemaliza haraka, kwamba sikueleza mbeba ngao huwaje mpaka akawa faris. Ilikuwa kweli, sikueleza. Kitabuni anapiga goti, anaguswa bega na upanga, anaambiwa inuka. Nilikuwa siamini kwamba ni rahisi hivyo.

Shangazi ameolewa, anakaa Sidab, na Jumanne alifika kabla ya tingatinga kumaliza kuchimba kaburi nyuma ya banda. Alitaka Ghazala azikwe na lile shuka. Bibi, ambaye macho yake sasa hayaoni tundu la sindano, alikataa kwa simu, sote tukimsikia. "Msizike kazi yangu. Farasi haendi kuulizwa ukoo." Tukacheka tukilia. Shangazi akalifua kwa mkono, akalianika ukutani bandani.

Leo Alasiri kanipigia, akasema nije bandani peke yangu. Nimemkuta na Nujuma, binti wa Ghazala, ambaye sasa ni mkubwa wa kutosha na amezoea tandiko msimu huu wote mikononi mwangu, ingawa sijawahi kukimbia naye mbele ya mtu. Farasi alikuwa hajavikwa. Shangazi alikuwa ameshika lile shuka, limekauka, linanukia sabuni. Alilitandika mwenyewe, akaweka tandiko, akafunga mkanda, na tukasimama sote wawili tunaitazama pua, kwa sababu ujanja huo mtoto kaurithi. Akakaza tena.

"Mzee Hamdan kaniuliza msimu huu mpya ni nani," akasema. "Nimemwambia."

Nikamuuliza kitu cha kijinga, kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba shuka kaliweka upande gani juu.

"Sikutazama," akasema. Kisha akapiga goti mchangani, na nguo yake ya ofisini, akanishikia kikuku cha tandiko nipande.